Kupika chakula cha utotoni pamoja na watoto ughaibuni

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje ili wanao wanaokulia ughaibuni wajifunze kupika chakula ulicholelewa nacho, ilhali mapishi yenyewe hayajaandikwa popote na kila ukijaribu ladha haiji unavyoikumbuka. Mimi pia nalea watoto ugenini, nami naona kazi ya kwanza ni kuyapima mapishi upya pamoja nao, kwa vifaa na viungo vilivyopo hapo ulipo.

Waliotufundisha walipima kwa konzi na kwa macho, na konzi ya mtu mzima haina maana kwa mtoto wa miaka saba. Kwa hiyo mimi huchota unga kama nilivyozoea, naumimina kwenye bakuli lililo juu ya mizani, na mwanangu mkubwa anasoma gramu na kuziandika. Vikombe vya kupimia siviamini sana, kwani kuna vya mililita 240 na vya mililita 250, na unga ulioshindiliwa huzidi uzito ule uliochekechwa.

Ikiwa chakula chenu ni cha unga wa ngano, huenda tofauti unayoilalamikia inatoka kwenye pakiti. Unga laini wa keki huwa na protini kama asilimia 8 au 9, na ule wa mikate hufika 12 au 13. Huu wa pili hunywa maji mengi zaidi, na donge lake ukilisukuma hujivuta na kurudi. Soma maandishi ya pakiti, ongeza maji kidogo kidogo, kisha liache donge lipumzike nusu saa kabla ya kulisukuma. Kama mnatumia hamira na jikoni kwenu kuna baridi, kuumuka kutachelewa sana. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwa inawaka. Maji yawe ya uvuguvugu, maana yakikaribia nyuzi 60 za Selsiasi hamira hufa.

Hapo kwenye kuumuka ndipo watoto wanapojifunza zaidi. Mwanangu mdogo hupaka kidole unga, akabonyeza donge na kusubiri: tundu likijaa papo hapo, bado, likirudi taratibu na kubakiza alama, tayari. Hakuna saa inayomfundisha hilo, na sasa hanisikilizi nikimwambia donge limeiva kabla hajalibonyeza mwenyewe. Jambo moja tu silikubali, nalo ni kulamba unga mbichi, kwa sababu unaweza kuwa na bakteria ambao hufa kwa moto tu. Majiko ya umeme yenye uso wa kioo nayo yanahitaji uangalifu, kwani hubaki ya moto muda mrefu baada ya kuzimwa, bila mwali wowote wa kumwonya mtoto.

Wakitaka kutia viungo vyao, na watataka, wakatie fungu lao la donge walifanye wapendavyo, nawe usiliguse. Fungu lililobaki lipike unavyolijua. Msipike siku za shule jioni, watoto wakiwa na njaa na wewe umechoka. Karatasi ya vipimo ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, na kila mkibadilisha aina ya unga mwandike jina lake na kiasi cha maji kilichotosha.