Re: Bosi asema mawakili hawana likizo ya uzazi

Salaam dada. Umesema umeajiriwa kwenye ofisi ya mawakili hapa Malindi, mimba ina miezi saba, na bosi anakupa mwezi mmoja bila mshahara. Hilo halimo katika sheria. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakupa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yako ya mwaka haiguswi.

Kwanza tazama slipu ya mshahara. Ukikatwa kodi ya mshahara (PAYE) na mchango wa pensheni (NSSF) kila mwezi, huo ni ushahidi mzito kwamba wewe ni mwajiriwa. Hapa ndipo wengi wetu huangushwa: ofisi hudai wakili wa kike ni "mshirika wa kujitegemea" siku anapotaja mimba, ilhali yuko mezani tangu saa mbili asubuhi na faili anapangiwa. Huna slipu? Hifadhi jumbe za M-Pesa na barua pepe za kukutuma kortini.

Kisha andika notisi, siku 7 kabla ya kuondoka au zaidi. Chapa nakala mbili. Yako ipigwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Makubaliano ya mdomo hukanwa baadaye. Wakitaka cheti cha hali yako ya kiafya, cha mkunga kinatosha.

Akikufuta, kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu halali. Usitie saini barua ya "kujiuzulu kwa hiari" hata ukibembelezwa. Ikishatiwa, kesi inakuwa ngumu mno.

Hujasema kama mkataba wako una ukomo. Kama unao, unaisha lini?