Mgombea ni mzee wa kanisa: je, inatosha?

Wiki hii msomaji ameniandikia: "Mgombea wetu ni mzee wa kanisa na fungu la kumi anatoa. Mpinzani wake haonekani ibadani. Nichunguze nini tena?" Mengi, ndugu yangu, na Biblia hiyohiyo ndiyo inayokutuma ukachunguze.

Fungua Kutoka 18:21. Yethro, mkwe wa Musa, alipomshauri Musa kuhusu viongozi alitaja sifa nne: watu walio na uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Uwezo umetangulia! Sisi tunauruka, tunakimbilia ucha Mungu, tena ule wa kuonekana kiti cha mbele.

Chukua karatasi uchore safu nne, moja kwa kila sifa, na kila mgombea umpe mstari wake. Andika ulichothibitisha tu. Aliyewahi kuwa mbunge, soma hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge) uone alichangia nini bajeti ilipojadiliwa. Aliyesimamia ofisi ya umma, tafuta ripoti za mkaguzi wa hesabu za miaka yake. Mgeni kabisa? Waulize waliowahi kufanya kazi chini yake kama aliwalipa kwa wakati. Usipopata ushahidi, acha wazi. Kosa la kawaida ni kuijaza safu ya pili kwanza, kwa picha za ibada, halafu zile tatu tukazipitisha kwa huruma.

Safu ya nne inahitaji hesabu. Jumlisha michango aliyotoa hadharani mwaka huu, kisha linganisha na mshahara na biashara zake zinazojulikana. Michango ikizidi mapato, uliza ziada imetoka wapi, hata kama ndiyo iliyoezeka paa la kanisa lenu. Kumbukumbu la Torati 17:17 inamkataza mfalme kujirundikia fedha na dhahabu.

Yethro pia alitaja wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wote kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo diwani naye ana mstari wake. Wengi huchoka wakishamaliza urais, nafasi nyingine wanabahatisha.

Kuhusu bahasha za usiku, nasikia hata waumini wakisema, "Pokea, kura mpe mwingine." Hapana! Kutoka 23:8 inakataza kupokea, maana rushwa huwapofusha waonao. Ukipokea kwa ahadi usiyokusudia kuitimiza, umeongeza uongo juu ya rushwa. Rudisha palepale, mbele ya mtu wa pili.

Mchungaji akitaja jina la mgombea madhabahuni, msikilize kwa heshima, kisha urudi kwenye karatasi yako.

Waombee wagombea wote, hata usiyempenda (1 Timotheo 2:1-2).

Kituoni, weka alama moja tu mahali palipoelekezwa. Usiandike mstari wa Biblia, "Amina" wala jina lako: katika nchi nyingi, maandishi yanayoweza kumtambulisha mpiga kura huiharibu kura. Wino ukiwa mbichi, subiri ukauke kabla ya kukunja, usije ukahamia kwa mgombea mwingine.

Karatasi yako ya safu nne usiitupe. Kila bajeti ikisomwa, ongeza mstari kwa aliyeshinda, uwe umempigia au hukumpigia.