Maswali yenu: Kilwa, miji ya dhahabu na nyumba ya bibi Kibokoni

Wiki iliyopita niliongea kuhusu miji iliyojengwa na dhahabu, maswali yakaja mengi, leo nayajibu manne.

Pwani yetu kuna mji wa dhahabu? (Salma, Tudor)
Kuchimba hatukuchimba Salma, lakini Kilwa, kule kusini mwa Tanzania, iliila dhahabu hasa, ilikuwa yatoka bara huko Zimbabwe inashuka Sofala, bandari ya Msumbiji, halafu majahazi yanaileta juu Kilwa, na pesa hiyo ndo ikajenga Husuni Kubwa karne ya 14, jumba la vyumba zaidi ya mia linalotazama bahari. Kuta zake matumbawe na chokaa, vitu vilevile vya Mji wa Kale hapa kwetu Mombasa.

Pilgrim's Rest kule Afrika Kusini nyumba ni mabati tu, wanatunza nini? (Juma, Likoni)
Hayo mabati ndo yenyewe kaka. Dhahabu ilionekana pale 1873, watu wakamiminika na mahema, hakuna aliyejua itadumu miezi au miaka, sasa nani angejenga kwa jiwe? Wakaleta mabati na mbao kwa mikokoteni ya ng'ombe, nyumba inasimama upesi. Machimbo yalipofungwa miaka ya 1970 serikali ikanunua kijiji kizima, na naona walifanya la maana sana kwa sababu nyumba za watu wa kawaida ndo hubomolewa mwanzo.

Na Bendigo, Australia, mbona majumba ya fahari?
Dhahabu ya 1851 ilianza juujuu, baadaye ikafuatwa chini ndani ya mwamba, na hiyo yataka mashine, kampuni na miaka. Watu wakajua watakaa, wakajenga.

Nyumba ya bibi Kibokoni plasta yamwagika, fundi asema tupige simiti. (Mwanaisha)
Dadangu tafadhali msikubali! Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na chumvi halafu hupumua kupitia chokaa, ukiuziba na simiti maji yanabaki ndani, yanafika kwenye vichwa vya boriti, boriti zinaoza, dari yashuka, halafu twasema nyumba imezeeka kumbe tumeizibia pumzi wenyewe. Tafuteni fundi anayejua chokaa, boriti iliyooza itolewe iwekwe boriti nyingine, na kabla hamjagusa upande wa barabarani piteni ofisi ya Makumbusho ya Taifa muulize, maana Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Na kama bibi ana zidaka ukutani, vile vishimo vya kuwekea vitu, mwambieni fundi mapema asizizibe.