Fundi Anajibu: Kamba za ndege ya kombati zinalegea, tuongeze uzito puani?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi na kaka yangu tuko Busia upande wa Uganda, tumejenga ndege ya kombati ya kamba, yaani kamodeli ka kupigana kanakozunguka huku mrushaji amekashika kwa kamba, kwa foomu ya boksi la samaki na injini ya cc 2.5. Chini inaenda vizuri tu ila nikiipandisha juu ya kichwa kamba zinalegea mpaka nakimbia kinyumenyume nikiivuta. Jamaa mmoja akasema tuongeze uzito puani, tukafunga nati tatu, sasa hata kugeuka ni shida, inazunguka kama trela, na mchezo wenyewe ni kukatana utepe kwa propela, asiyegeuka anakatwa. Tuweke nati ya nne?

JIBU: Marahaba. Ya nne msiweke na hizo tatu zitoeni leo hii. Huyo jamaa yenu hakukosea kabisa, pua nzito inatuliza ndege inayorukaruka, lakini yenu hairukiruki, yenu inalegeza kamba, na hapo cha kwanza kuangaliwa ni ncha ya bawa la nje, lile lililo mbali nawe.

Ona hivi. Kamba zenyewe ni waya, na waya wa chuma wa milimita 0.4 una kama gramu 1 kwa mita, na kwenye F2D, yaani kombati ya kimataifa ya injini kama yenu, kamba ni karibu mita 16 na ziko mbili, kwa hiyo ni gramu 32 hivi na karibu nusu yake inaning'inia kwenye bawa la ndani, lile la upande wako. La nje halina kitu. Ndege ikifika juu ya kichwa ikalalia upande wako kidogo tu, kwisha. Bandika sarafu ncha ya nje, anza na gramu 10 hivi, pima kwa mizani usikisie, na iwe ya selotepu kwanza, gundi baadaye ukiridhika.

Halafu balansi ya mbele na nyuma, tenki likiwa tupu. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama bawa lina upana wa sentimita 25 basi anza na sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Ukirudi nyuma inageuka kwa ukali ila inakuwa na wazimu, eleveta, kile kibao cha kuipandisha na kuishusha, ukiigusa tu imeruka, kwa hiyo sogea milimita 2 au 3 kila safari, si zaidi. Ukimaliza ining'inize kwa zile waya zinazotoka kwenye ncha ya bawa la ndani, pua iangalie chini kidogo. Ikiangalia juu, sogeza matundu ya waya nyuma, maana hewani itakuwa inageukia kwako.

Sasa irushe sawa, kisha kichwa chini, na mmoja asimame pembeni aangalie bawa la nje. Likishuka mara zote mbili, sarafu ni nzito, punguza. Likishuka ukiwa sawa na kupanda ukiwa kichwa chini, hilo bawa limejipinda na sarafu haitakusaidia, linyooshe. Mimi hapo ndipo nilipoumia, niliongeza sarafu tatu kwenye bawa lililopinda, ndege ikaingia shamba la matoke na injini tukaichimba na jembe, lol.

Kitu kingine, sisi huku tuko juu, Kampala peke yake ni kama mita 1,200, hewa ni nyepesi na injini inakosa nguvu kidogo, na mwendo ukipungua hata kamba hazivutwi vizuri. Ndio maana kila nati isiyo na kazi inawaumiza mara mbili.

Na hilo boksi mlilisugua kwa sabuni kweli? Foomu inayonuka sangara, kombati mtapigana na kaloli, wale korongo wa jalalani.