Mawimbi ya plasma, au mikondo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomesha sayansi hapa Likoni. Kwenye bango la klabu yetu niliandika: "Mawimbi ya plasma angani hutia umbo taa za kaskazini." Mwenzangu akafuta "mawimbi", akaweka "mikondo". Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kapata, na ushahidi unauvuka kila siku. Ukiwa kwenye feri, angalia kifuu kinachoelea. Wimbi likipita, kifuu hupanda, kikashuka, kikabaki karibu palepale. Lakini maji yakianza kupwa, mkondo hukichukua kifuu hadi nje bahari kuu. Wimbi hupita majini. Mkondo ni maji yenyewe kwenda.

Huko juu, kwenye mianga iwakayo usiku karibu na ncha za dunia, kinachokwenda ni plasma yenyewe, yaani gesi iliyovunjika ikawa ayoni na elektroni, chembe zenye chaji ya umeme. Upepo wa jua, yaani plasma itokayo kwenye jua, hufika kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, ukiwa umebeba nguvu yake ya sumaku. Nguvu hiyo ikielekea kusini, huungana na ya dunia, na plasma iliyo juu ya ncha husombwa kutoka upande wa mchana hadi wa usiku, kisha ikarudi kwa pembeni, huku upande wa alfajiri na huku upande wa machweo. Mwanafizikia Mwingereza James Dungey aliueleza mzunguko huu mwaka 1961. Mikondo inapopishana, umeme hupita kwenye nyuzi za sumaku, yaani njia zinazofuatwa na nguvu ya sumaku. Elektroni zikishuka na kugonga oksijeni, kiasi cha kilomita 100 na ushei juu ya ardhi, anga huwaka kijani.

Mawimbi ya plasma yapo pia, tena yana wataalamu wake. Ndiyo maana sentensi yako si upuuzi. Imesema jambo jingine tu.

Ila mwambie mwenzako naye asikate mkia wa neno. "Mkondo" peke yake, kwa mwanafunzi wa fizikia, ni wa umeme. Huko juu zaidi ayoni na elektroni husafiri pamoja, kwa hiyo plasma yaenda na umeme hauendi nayo. Kwenye kimo cha kama kilomita 120, ayoni hugongana na hewa zikachelewa, elektroni zikaendelea, na hapo ndipo mwendo huo huzaa mkondo wa umeme. Andikeni "mkondo wa plasma" au "mkondo wa umeme", kila mara, hata kama bango litajaa.

"Taa za kaskazini" ndizo zilizonikera zaidi, nisamehe. Taa huwashwa na mtu, ina utambi au balbu. Na kusini je? Kule Antaktika zinawaka vilevile. Mimi naandika "mianga ya ncha", basi bango lisomeke: "Mikondo ya plasma hutia umbo mianga ya ncha."

Wapo waandikao "utegili" badala ya plasma. Sina ugomvi nao. Ukibaki na plasma, waambie watoto mapema kwamba si ile ya damu, maana lazima mmoja atauliza.