Bakubwa ba kikundi cha mto, tubalipe?

SWALI: Jambo mama. Hapa Bukavu tuko na kikundi ya kusafisha mto Kawa. Prezida na sekretere banajitolea tu, transipoti na mayunite ni mu mufuko yabo, lakini batu ba kartie banasema eti banakula kotisasio. Tubape mushahara ili maneno iishe? (Kijana wa Kadutu)

JIBU: Mudogo wangu, mushahara hapana. Sheria ya ma-ASBL (bichama byenye habitafute faida) ya mwaka 2001 inasema chama ya vile haipatishe bamemba faida ya mali, lakini kumurudishia mutu franga ya transipoti yenye alitosha yeye mwenyewe, ile si faida, ni deni. Muandike yote mu kayee, kila mwisho wa mwezi mubandike karatasi fasi batu banapita, na kesiye asitoshe franga bila sinyatire ya pili.

Lakini mi naona shida yenu iko fasi ingine: prezida anaita salongo (kazi ya bote pamoja), anaomba mapawa, anaandika raporo, anaenda kuona chefu wa kartie, yote yeye! Siku akigonjwa? Mugawe kazi. Mama moja wa soko aongoze mambo ya masashe, batu bangemusikia kuliko prezida. Na ile kazi ya masashe ni ya maana, juu ile taka ya Kawa inashuka mu ziwa Kivu, maji inaikokota mpaka mu mto Ruzizi inaenda kuziba baraje ya kuran, na umeme inakatika (bon, si kila mara juu ya taka). Na uchaguzi muupange mapema, mbele prezida achoke kabisa.