Miti Ghorofani Lamu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya mawe Mkomani, Lamu. Je, tunaweza kuishi humo pamoja na kupanda miti ghorofani, kama minara ya Bosco Verticale jijini Milan?

JIBU: Minara ile, iliyokamilika mwaka 2014, ilipigiwa hesabu ya uzito wa miti tangu mwanzo, ilhali dari zenu za boriti za mikoko hazikujengwa kubeba udongo, ambao mita moja ya ujazo ikilowa hukaribia tani 2. Pandeni mkomamanga na asumini katika ua wa ndani, ambao ndio mapafu ya nyumba, na kila familia ikae ghorofa yake. Mti wa mkungu msiuguse, kwani mizizi yake haina adabu kwa kuta. Mkitaka kujenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ombeni kibali kwanza. Kwani mji wa kale umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 2001.